Wifi Ameniuliza, Nimenyamaza

Jumatano. Joto la kukausha mate. Mawingu yamejazana upande wa Ruangwa tangu adhuhuri na tone halijaanguka. Na moyo wangu uko hivyohivyo.

Naandika haya kwenye simu na kuyafungia humohumo. Wakili akisema ruksa ndipo nitayaweka mtandaoni, pale mlipozoea kunisoma, na majina nitakuwa nimeyabadili.

Wenzangu, ninachunguzwa kodi. Mimi, mwenye kiduka cha chumvi na sabuni hapa Lionja. Wanasema fedha zilizopita benki kwa jina langu hazilingani na duka, kwa hiyo kuna biashara nimeificha.

Hakuna. Ni korosho. Msimu uliopita korosho za wifi yangu Somoe, dada wa mume wangu, zilipimwa kwenye ghala la ushirika kwa jina langu, pamoja na za majirani wasio na akaunti. Huku tunafanyiana hivyo. Malipo yakiingia unamkabidhi kila mtu chake, mnaombeana dua, yamekwisha. Somoe akaunti angeweza kufungua, hataki tu. Tangu afiwe na mumewe, ndugu za marehemu wanaivizia ile mikorosho. Wakijua ilivyozaa watamnyang'anya, na ana watoto wa kusomesha.

Sasa wale vijana wa kodi walipokuja, niliwapokea kama wageni. Chai, mihogo ya kuchemsha, mkeka mpya. Mmoja akauliza, kwa adabu kabisa, kama korosho zote zile ni zangu. Somoe alikuwa palepale barazani anamenya mihogo. Kisu kikasimama mkononi.

Nikasema ndiyo, zangu zote.

Nilidhani namsitiri.

Jana nilikwenda Ruangwa kwa wakili, binti wa rika la mwanangu wa kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashika kichwa. Akanieleza kwamba ile "ndiyo" yangu ndiyo watakayonishikia, na nikienda mwenyewe kuigeuza nitaonekana mwongo mara mbili. Kumbe ninayo haki ya kutojibu mpaka awe ameketi ubavuni mwangu. Ukweli utasemwa wote, ila utapitia kwake, na wenye korosho atawafuata yeye.

"Mama," akasema, "wakikuuliza hata kama mvua imenyesha Lionja, sema wakili wangu atajibu. Na chai usiwape."

Nilicheka. Kisha akaongeza neno lililonikata maini: nisiizungumze kesi hii na yeyote ambaye korosho zake zilipita kwangu, isije ikasemwa nawapangia cha kusema.

Nimefunga Ramadhani tangu utotoni. Kufunga mdomo sijawahi, na sijui mfungo huu unafunguliwa lini.

Leo baada ya alasiri Somoe amekuja. Hakukaa.

"Wifi, umenitaja?"

Nikammiminia chai. Akaniambia shemeji zake wamepita shambani kwake asubuhi, hawakusema kitu, wametembea tu katikati ya miti wakitazama juu. Nikamjibu tumwombe Mungu.

"Mungu nitamwomba mwenyewe. Wewe nakuuliza wewe."

Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno. Neno moja tu, angelala usingizi. Nikatazama kikombe. Akaifunga khanga yake vizuri, akasema, "Basi umenitaja," akaondoka. Chai imebaki pale mpaka imefanya utando.

Sijamtaja.

Naliandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayenisikia. Mume wangu naye kaniuliza dada yake ana nini. Nikasema joto. Hata hilo sijui kama niliruhusiwa kulisema.

Magharibi nimeswali na kupoteza hesabu ya rakaa, nikaanza upya. Mtu asiye na hatia anaogopa hivi kwa nini? Nikinyamaza naonekana mwizi, nikisema nambomoa mwenzangu. Kwenye sijda nimemtaja Somoe kwa jina lake, na watoto wake wote. Huko wakili hajanikataza.

Kesho asubuhi naitwa Nachingwea mjini, ofisini kwao. Wakili ataniwahi mlangoni, na mdomo nitaufunga kama nilivyoahidi. Hilo naliweza sasa.

Lakini gari linasimama mbele ya nyumba ya Somoe, na saa ile huwa anafagia uwanja. Asiponisalimia, nitapandaje?