Cherehani ya Anayeanza

Mdogo wangu Sokunthea,

Goti la mama linaendeleaje? Huku Phnom Penh mvua imekatika na samaki wamepanda bei.

Uliniomba nimchagulie binti yako Lida cherehani ya kuanzia, basi jana nilikwenda sokoni. Muuzaji, mama mmoja mnene mwenye maneno, alinikataza ya umeme. "Ya umeme inamkimbiza mwanafunzi, dada. Mpe ya kukanyaga, aiendeshe yeye."

Nikamwambia nimeshona kiwandani miaka kumi na moja, mashine nazijua. Akanikalisha kwenye moja ya kukanyaga, akanipa vipande vya shati. Nikaunga mkono wa kushoto, mshono ukanyooka kama rula. Akausifu.

"Haya, fundi, sasa tia kola."

Niliigeuza ile kola huku na huku. Sikujua pa kuanzia.

"Kwani huko kiwandani ulikuwa unashona nini?"

"Mkono wa kushoto."

"Na wa kulia?"

"Huo alishona Phalla, aliyekaa nyuma yangu."

Alicheka mpaka akajifuta machozi. Na mimi nikacheka.

Nimenunua hiyo hiyo ya kukanyaga. Ni nzito, ila basi la kuja huko kwenu Takeo litaibeba. Usihangaike kutuma mtu stendi kuipokea, nakuja nayo mwenyewe, pamoja na sanduku langu. Kiwanda kimefungwa tangu mwezi uliopita. Mama usimwambie kwanza.

Lida mwambie aniachie nafasi kwenye benchi. Wanaoanza ni wawili.

Dada yako,
Chanmony