Ugali wa Bhoke Unakwenda Wapi

Mugumu

Mdogo wangu Kristina,

Marahaba, na poleni na baridi ya huko Mbinga. Safari hii nisianze kwa kuuliza habari za kahawa. Nianze na nilichokuficha. Siyo malaria, kama nilivyokuwa nikikuandikia. Nina ugonjwa wa tezi ya shingo, na umeshaufikia moyo. Kuna jingine nimekuficha, nitalifikia nikipata pumzi.

Miaka yangu yote ya baiolojia niliwaambia wanafunzi kwamba hata mtu aliyelala anachoma chakula: moyo unapiga, ini linafanya kazi, damu inatunziwa joto lake. Mmoja akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo hata mvivu anachoka kihalali?" Darasa zima likacheka. Kasi ya moto huo hupangwa na tezi, na yangu imesahau kupunguza. Nakaa kitini nikitoka jasho asubuhi ya baridi, moyo ukinguruma kama mashine ya kusaga iliyoachwa bila mahindi. Nakula vizuri, na bado suruali naifunga kwa kamba.

Bhoke, yule jirani anayenipikia, anaona aibu. Kwao Genkuru mwanamume akikonda, anayesemwa ni mwenye jiko.

"Mwalimu, ugali wangu unakwenda wapi? Watu watasema nakunyima."

"Tezi inauunguza wote."

"Basi hiyo tezi ije isonge yenyewe!"

Kisha ananiongezea maziwa mgando na kunisimamia mpaka nimalize.

Uliniandikia kwamba chumba changu kimeshaezekwa bati, na dirisha linatazama kaburi la marehemu mke wangu Anna, nami nitalazwa kando yake. Asante, mdogo wangu. Vidonge nameza, lakini daktari amesema moyo huu hautavumilia mabasi ya kuja huko. Tena, kusema kweli, nilianza kuahirisha safari hiyo nikiwa bado na nguvu za kusafiri.

Msalimie shemeji yangu, mumeo, na mwanao Yohana aliyepanda juu kupigilia bati lile. Akioa, chumba kiwe chake.

Mkono umechoka. Bhoke amesimama hapa mlangoni, ananiambia niache kalamu nile. Naye anakusalimu. Salamu hizo zipokee kama za wifi yako, Kristina. Ng'ombe nilishapeleka kwao, baada ya kumaliza msiba wa Anna, na mji wangu ni huu. Yeye ndiye atakayenizika.

Kaka yako,
Benedikto