Mtungi wa Eunice

Mbinga Mjini

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limepoa. Mimi sijambo, ila baridi ya huku inanikomoa. Dagaa wa usipa ulionitumia wamefika, na wenzangu nimewaonjesha kidogo tu. Sikupiga simu kwa sababu haya ningeyasema nikilia.

Karakanani kwetu wameleta kifaa kipya. Ni kalamu iliyofungwa kwenye mkono wa chuma, nao umeunganishwa na kompyuta. Ukichora mtungi kwenye kompyuta kisha ukausogezea kalamu, ule mkono unakusukuma, unahisi ukuta wa mtungi na mikwaruzo yake, na kumbe mezani hakuna kitu. Eti tutabuni vyombo vizuri tukivigusa kabla havijatengenezwa.

Kifaa ni kimoja, wabunifu tuko wawili: mimi na Eunice, binti wa jirani yetu mama Gertruda. Mkuu wetu, Bwana Damiano, alisema kila mmoja abuni mtungi wa kuchujia maji, na atakayeshinda ndiye atakayekabidhiwa kifaa. Tumesoma chuo kimoja, Mama, na alama zangu zilikuwa juu ya zake. Lakini Eunice, kabla ya kushika kalamu, alichovya vidole kwenye kikombe cha maji, utadhani anakwenda kufinyanga udongo wa kweli. Watu walicheka. Mimi sikucheka, maana wewe ndivyo unavyofanya.

Ameshinda. Nilimpongeza kwa mdomo tu.

Alipotoka kwenda kula, nilikaa kwenye kiti chake nikaupapasa mtungi wake kwa kalamu ile. Chini ya ukingo nikakuta kibonyeo, kile unachokiacha kwa kidole gumba ili mtungi usiteleze mkononi. Kwa macho hakionekani kabisa. Nilikihisi, nikakutambua, machozi yakanitoka.

Kifaa akichukue, Mama. Ninachomwonea wivu Eunice ni wewe. Kila alipotoka shule ulimkalisha ubavuni, ukamshika vidole. Mimi mwanao ulinifukuza, ukasema udongo utanichafulia sare. Najua ulinitakia mema, ila inaniuma mpaka leo.

Nimeomba ruhusa, Ijumaa nakuja. Nataka unifundishe kufinyanga, na mimi unishike vidole.

Nisalimie Baba na kaka Hamphrey. Mama Gertruda naye msalimie, lakini usimwambie kwamba nakuja. Atamwambia Eunice, naye atataka tufuatane.

Mwanao akupendaye,
Lidia