Kibao cha Daraja la Kander

Einigen, Jumatano

Dada Regula,

Shikamoo. Shemeji na watoto hawajambo huko Basel? Mimi mwili mzima, ila rohoni sijiwezi, dada. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi, na hili likikatizwa sitalianza tena.

Unayajua matembezi ya Baba. Kila mwaka, siku aliyofariki Mama, anashuka stesheni ya Thun, anafuata mto Aare mpaka kasri la Schadau, kisha kandokando ya ziwa hadi kasri la Spiez, mkate na jibini mfukoni, akimsalimia kila anayepishana naye, hata mbwa. Safari hii, akifunga viatu, nilimwambia miaka themanini na miwili si mchezo: asibishane na njia, afuate tu vibao vya njano vinavyoonyesha njia, maana vyote vya upande ule nimevifunga mimi. Alicheka, akaniita bwana mkubwa wa vibao.

Spiez hakufika. Tulimpata kesho yake asubuhi, juu kwenye korongo la mto Kander, amejikunyata chini ya mwamba, anatetemeka. Daktari alimuuliza alikuwa anakwenda wapi, akajibu Spiez. Watu wakatazamana. Spiez korongoni? Daktari akasema kumbukumbu zimeanza kumtoka, asiachwe peke yake. Ndipo ukaniletea fomu ya nyumba ya wazee, wewe umeshatia sahihi, imebaki yangu. Jumatatu wanakuja kumchukua. Baba mwenyewe hajalalamika. Viatu vyake vya matembezi amevipiga rangi vizuri, akampa jirani Zurbuchen.

Regula, Baba hakuchanganyikiwa! Wiki mbili kabla, nilivishusha vibao vya daraja la Kander kuvisafisha. Nikavirudisha huku mvua inaninyeshea, nikiwahi treni, na kile cha Spiez nikakielekeza korongoni. Mimi, ninayewagombeza wenzangu kwa skrubu moja iliyolegea! Tulipokuwa tunamtafuta nikakiona, moyo ukanipasuka. Nikatoa bisibisi, nikakigeuza kabla wengine hawajafika, kisha nikapiga kelele kwamba tupande korongoni. Alipopatikana wakanisifu, eti hakuna anayemjua baba yake kama mimi. Nami nikazipokea zile sifa, dada. Nikanywa na kahawa yao.

Jana nilimuuliza kwa nini alipanda kule. Akasema alisimama pale darajani muda mrefu. Ziwa alikuwa analiona kwa macho yake, na miguu ilitaka kushuka. Lakini kibao ni cha mwanangu Res, akasema, na Res hakosei, kwa hiyo akili zilizokwisha ni zake yeye mzee. Akaniomba nitie sahihi upesi, asije akanisumbua zaidi.

Nilitoka nje nikalia kama mtoto. Sikumwambia. 

Fomu nimeichana. Nitukane utakavyo, lakini njoo Jumapili, uketi kati yetu niseme yote mbele yako, maana nikiwa peke yangu nitakimbia tena. Ukishuka treni, usije nyumbani moja kwa moja. Pitia kwanza kwa Zurbuchen, umwombe vile viatu.

Wabusu watoto, na shemeji mpe mkono wangu.

Ni mimi mdogo wako,
Res