Shikamoo Iliyonifunga Mdomo

Jumanne, Korogwe. Manyunyu tangu asubuhi, na moyo wangu mwepesi kuliko wiki nyingi zilizopita.

Naanza na aibu yangu. Kwenye semina ya dawa kinga ya VVU, ile ya kidonge kimoja kila siku kwa mtu asiye na maambukizi ila yuko hatarini, mwezeshaji aliuliza nani yuko tayari kumwandikia yeyote anayeihitaji. Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Nikajiona daktari wa kisasa kweli kweli.

Wiki mbili baadaye akaingia Mama Zaina (jina nimelibadilisha). Alitoka Kang'ata, kapanda pikipiki kisha basi, ili aje kutibiwa mahali ambapo hakuna anayemjua. Akanikuta mimi, niliyekulia huko huko nyumba ya pili kutoka kwake, mtoto ambaye yeye aliwahi kumchapa kwa kumwibia miwa.

Nikamwamkia shikamoo. Hapo hapo nikakwama.

Akanieleza, macho chini, kwamba mumewe huzunguka minadani na ng'ombe, huko ana mwanamke mwingine, na kupima hataki. Amesikia kuna dawa ya kujikinga. Ilinipasa nimwulize wanakutana kimwili mara ngapi, na kama wanatumia kondomu. Mimi, nimwulize hayo mama aliyeniogesha? Nikakohoa, nikasema anaonekana kapungukiwa damu, nikamwandikia vidonge vya kuongeza damu. Nikajiambia hiyo ni heshima.

Ulikuwa woga.

Miezi mitatu imepita. Madereva wa malori na wasichana wa baa nimewaandikia dawa ile bila kigugumizi, na kila mara nilimkumbuka yeye. Namba yake ya simu ninayo. Sikupiga, maana ningeanzia wapi?

Leo karudi mwenyewe. Akaketi, akaweka mezani vile vidonge vyangu vya damu, pakiti haijafunguliwa.

"Marahaba nimeshakupa, mwanangu," akasema. "Sasa niulize maswali yako."

Nikauliza. Jasho lilinitoka mimi, yeye akajibu yote ametulia kabisa. Halafu nikamtoboa kidole, tukasubiri kipimo. Kwa kawaida huwa natoka kumhudumia mwingine, lakini leo nilibaki kitini. Nilikuwa nawaza kwamba mstari wa pili ukitokea, nitakuwa nimeuchora mimi kwa mkono wangu.

Ukatokea mstari mmoja tu. Hana maambukizi.

Machozi yalinilenga, nikasingizia mafua. Nikamweleza kuwa tutarudia kipimo baada ya mwezi, kwa sababu maambukizi mapya huchelewa kuonekana. Kisha nikamwomba radhi kwa ile mara ya kwanza. Alicheka, akasema hata ule wizi wa miwa niliuombea radhi kwa kuchelewa hivi hivi. Akainuka na dawa yake kwenye pochi, na mimi nikajiona nimekuwa daktari leo, si siku ile ya semina.

Alipofika mlangoni akageuka.

"Mama yako mdogo yuko stendi ananisubiri. Kaogopa kuingia. Nimwambie aje kesho?"

Mama mdogo! Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Nikasema aje, tena aje mapema.

Kesho nitamwamkia. Akishaitikia, nitamwuliza.