Sindano Sita Ndani ya Kiatu

Nyumbani kwa Baba,
Jumanne, 4 Machi.

Mpendwa kitinda mimba wetu,

Pokea salamu. Hujambo wewe, na mgongo wako, na hao unaowatoa jasho huko jimu? Mimi mwili sijambo, ila moyo umenichafuka.

Baba si mzima sana. Anasafishwa damu mara tatu kwa wiki kama kawaida, lakini juzi kutoka kitandani hadi mlangoni alipumzika mara mbili. Viganja vyeupe pee. Hospitali wakampima, damu imeshuka vibaya. Nesi akaniuliza, "Ile sindano ya nyumbani anachoma kweli?" Nikaapa kuwa anachoma. Aibu gani ile!

Maana jana, napanga viatu vyake, nikazikuta sindano sita ndani ya kiatu cha harusi, hata hazijafunguliwa. Dawa ya kukaa kwenye friji, mdogo wangu, imelala na soksi inayonuka! Ptuu! Nimezitupa zote huku nalia.

Nesi alinifafanulia. Figo nzima hutoa homoni inayouambia uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu. Figo za Baba zimeshindwa, kwa hiyo sindano ndiyo inayotoa amri hiyo. Bila sindano ataongezewa damu za watu, na akiongezewa mara kwa mara, mwili wake unaweza kuja kuikataa hata figo utakayompa wewe.

Nikambana Baba. Akatazama ukuta, mzee wa watu, akasema, "Sitaki kuota maziwa uzeeni." Nikacheka, halafu nikamuuliza ni mpumbavu gani kamwambia hivyo. Akanipa simu nisikilize ujumbe aliotumiwa.

Sauti yako! "Baba, homoni usiguse, hapa jimu vijana wamechoma wameota matiti." Na kicheko juu. Umenichefua, nakwambia kweli. Homoni ni jina la ukoo, si la mtu mmoja. Hii ya Baba kazi yake ni damu, haina habari na kifua cha mtu.

Hospitali wako tayari kumchoma wenyewe, ila anakunja mkono. Mimi nimesema, nesi kasema. Jibu lake ni moja, "Mwanangu anajua." Basi mpigie Alhamisi asubuhi, kabla hatujatoka kwenda hospitali. Usimzungushe. Mwambie, "Baba, nilikosea."

Shangazi anakusalimu, na shemeji yako pia. Mungu akulinde wewe pamoja na hizo figo zako mbili, maana moja ni ya Baba.

Ni mimi nikupendaye, hata leo,
Dada yako.