Chupa ya Dawa ya Kupe

Kyuso, 14 Agosti 2000

Kwako Baba Katee,

Nyumbani afya tunayo, njaa pia tunayo. Wewe na hiyo kazi ya ng'ombe huko Kitengela, mgongo unaendeleaje?

Blanketi ulilotuletea Pasaka lilikuja na upele wako. Mimi navumilia, lakini Katee amejikuna mapaja mpaka damu. Nimemkata kucha, nikaanika matandiko juani, nikawa namwogesha na mwarobaini wa kuchemsha. Alikuwa anatulia. Sasa kisima kimekauka, mtungi mmoja wa maji tunaufuata kutwa nzima. Wewe wako uliutibu na nini?

Mkeo, Mama Katee


Kitengela, 23 Agosti 2000

Mama Katee mpenzi,

Barua nimeipata. Mgongo ni ule ule, kazi haipungui.

Huku nilijikuna hadi Kisemei, mchungaji mwenzangu, akanicheka: "Kaloki, ng'ombe zetu hazijikuni, wewe msomi unajikuna!" Akanipa dawa ya kupe, ile tunayoogeshea mifugo. Nilioga nayo mara moja, upele ukaisha. Yeye huoga nayo kila tunapoogesha.

Nakutumia kidogo kwa mkono wa Joram wa basi, ndani ya chupa ya soda. Kifuniko kimoja, karai zima la maji. Harufu yake isikutishe. Achana na hayo majani.

Mumeo, Baba Katee


Kajiado, 2 Septemba 2000

Mama Katee,

Leo sina salamu, unisamehe. Nakuandikia nje ya wodi. Ile dawa imwage shimoni, mbali na kuku. Usimpake mtoto!

Jana Kisemei alijimwagia bila kupima. Hata hajamaliza kuvaa, mate yakaanza kumtoka kama ng'ombe mgonjwa. Halafu akalala, tukamwita, hakusikia. Mpaka sasa hajaamka. Daktari anasema hiyo ni sumu, inapenya kwenye ngozi, na kwa mtoto kiasi kidogo tu kinatosha. Kama umeshampaka, mwoshe kwa sabuni, hata kwa maji ya kunywa, umkimbize hospitali.

Simu ya posta yenu imekufa. Joram anaondoka sasa hivi na barua hii. Mimi nangoja ndugu za Kisemei wafike kutoka Bisil, kisha nakuja.

Baba Katee


Kyuso, 1 Septemba 2000

Mpenzi Baba Katee,

Mungu akubariki. Chupa ilifika jana. Lakini maji ya kujaza karai ningetoa wapi, baba? Nimechanganya dawa na mafuta ya kupikia, nikampaka Katee mwili mzima asubuhi.

Ulisema kweli kuhusu majani. Hajikuni kabisa! Amelala tangu saa nne, na sasa jua linazama. Mate yanamtoka mpaka leso imelowa. Nadhani ni magego. Nimemwita anywe uji, hakusikia. Ana usingizi wa miezi yote hii, maskini. Nimemwacha apumzike.

Iliyobaki nimeifunga vizuri. Kesho nitajipaka mimi.

Mkeo, Mama Katee